Jinsi ya Kuomba Kibali cha Utangamano wa Sumakuumeme kwa Kifaa Chenye Moduli ya Redio

Moduli ya Wi-Fi au Bluetooth, yaani kipande cha redio kinachonunuliwa kikiwa tayari, hata ikiwa na cheti, haikipi kifaa chako cheti. Wengi hukwama hapa, tena wakiwa wameshatengeneza bidhaa nzima. Cheti cha moduli kinahusu redio ile peke yake, katika hali iliyopimiwa. Wewe umeizungushia saketi ya umeme, kioo, kebo na betri, na chochote kati ya hivyo kinaweza kutoa kelele za mawimbi au kuvurugwa na mawimbi ya nje. Kifaa kisichovuruga vingine wala kuvurugwa ndicho chenye utangamano wa sumakuumeme.

Kwa hiyo anza na nyaraka. Mwombe muuzaji wa moduli cheti chenyewe, ripoti kamili ya vipimo na mwongozo wa kuiunganisha. Nembo kwenye tangazo haitoshi. Soma sehemu ya antena kwa makini: kwa kanuni za Marekani unaruhusiwa kutumia antena ya aina ileile iliyopimwa, yenye dBi (kipimo cha jinsi antena inavyoelekeza nguvu upande mmoja) sawa au pungufu. Ukiweka ya aina nyingine, kibali cha moduli hakikulindi tena mpaka kirekebishwe. Angalia pia umbali kutoka mwilini. Moduli nyingi zimeidhinishwa kwa sharti la sentimita 20 au zaidi, hivyo haziwezi kuingizwa hivihivi kwenye kifaa cha kuvaa mkononi.

Hatua ya pili ni kuchagua soko, maana njia zinatofautiana.

Katika Umoja wa Ulaya, kifaa chote kikishapata redio kinahamia chini ya Maelekezo ya Vifaa vya Redio, 2014/53/EU. Utangamano wa sumakuumeme umo humo, katika kifungu cha 3(1)(b), kwa hiyo huombi kibali kingine chini ya 2014/30/EU, maelekezo ya utangamano kwa vifaa visivyo na redio. Kwa Wi-Fi na Bluetooth, maabara hutumia viwango vya EN 301 489-1 na EN 301 489-17.

Marekani, mamlaka ni FCC, tume ya mawasiliano, na FCC ID ni namba ya kibali inachotoa kwa kifaa cha redio. Moduli ikiwa na kibali kamili cha moduli, huhitaji FCC ID mpya, lakini sehemu nyingine za kifaa lazima zitimize Part 15, Subpart B, kanuni za FCC kuhusu kelele za mawimbi, na kwa kawaida hilo hufanywa kwa tamko la msambazaji, SDoC. Mhusika anayewajibika kwa tamko hilo lazima awe Marekani, mtafute mapema. Moduli isiyo na kibali ina safari ndefu zaidi: unajisajili FCC upate namba ya usajili, FRN, unaomba msimbo wa mwombaji, kisha unapeleka ripoti na maombi kwa TCB, chombo kilichoruhusiwa kutoa vyeti vya FCC.

Hatua ya tatu ni maabara, na hapa maandalizi ndiyo yanayookoa pesa. Chagua yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara, kwa vipimo unavyohitaji. Peleka sampuli zaidi ya moja, chaja na kebo zilezile atakazopewa mteja, pamoja na programu inayoifanya redio irushe mfululizo. Bila programu hiyo mafundi watakaa wakisubiri, na muda wao unalipiwa.

Katika chumba cha vipimo, kifaa huwekwa juu ya meza inayozunguka huku antena ya kupimia ikipanda kutoka mita 1 hadi 4 kutafuta mwelekeo wenye mawimbi makali zaidi. Mara nyingi kosa huwa kwenye kebo ya chaja, ambayo hugeuka antena na kutoa nje kelele za saketi ya umeme. Jaribu kubana feraiti, kipande kinachozuia kelele, kwenye kebo. Kelele zikishuka, umejua zinapitia wapi, ingawa dawa ya kweli ni kurekebisha bodi. Kisha huja vipimo vya ustahimilivu, kama umeme tuli wa kilovolti (kV) 4 kwa kugusa na kV 8 kupitia hewani. Andika mapema “kufanya kazi vizuri” kwa kifaa chako kuna maana gani, la sivyo fundi hatajua kama kimefaulu.

Ripoti zikipatikana, kusanya michoro ya saketi, orodha ya vipuri, tathmini ya hatari na maelekezo ya mtumiaji. Kwa Ulaya, saini Tamko la Ulinganifu, weka alama ya CE, na utunze jalada la nyaraka hizo miaka 10 tangu bidhaa iingie sokoni. Kwa Marekani, moduli ikiwa ndani isipoonekana, lebo ya nje iandikwe “Contains FCC ID:” ikifuatiwa na namba ya moduli.

Ukibadilisha baadaye antena, bodi au saketi ya umeme, iulize maabara vipimo vipi virudiwe kabla ya kuuza toleo hilo jipya.