Jinsi ya kusuka ploti ya mtu aliyeficha jina lake, Uingereza ya enzi za Malkia Victoria

Kama unataka kuandika riwaya ya fumbo ya enzi za Malkia Victoria (alitawala 1837 hadi 1901) na fumbo lenyewe ni mtu anayeishi kwa jina lisilo lake, basi usianze na ukungu wa London na mtu mwenye koti refu. Anza na sheria. Nyingi ya hadithi za namna hii ninazosoma mtandaoni zinakwama hapo hapo, mtu kajificha sura ishirini halafu ukiuliza alijificha kwa nini jibu ni "alikuwa na siri" tu, na msomaji wa mafumbo hasamehi kitu kama hicho.

Sababu nzito kuliko zote kwa enzi ile ni ndoa. Mpaka 1857, England, mtu akitaka talaka ya kumruhusu kuoa tena ilibidi bunge lipitishe sheria kwa ajili yake yeye, kwa hiyo ilikuwa ni mambo ya wenye pesa. Sheria ya 1857 ikaleta mahakama ya talaka lakini mume alitakiwa kuthibitisha uzinzi wa mke basi, wakati mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi na juu yake kosa lingine, mfano ukatili au kutelekezwa miaka 2. Sasa chukua binti wa miaka 22, mume kaondoka kwenda Australia kufuata dhahabu iliyoanza kuvuta watu 1851, barua haziji, kodi ya chumba imefika. Kuachika hawezi, kuolewa hawezi. Chumba cha pili anakaa mwalimu wa nyumbani, wale waliokuwa wanaishi na familia tajiri na kufundisha watoto, hana ndugu, ana barua nzuri za utambulisho, anaumwa na anakufa. Binti anachukua barua zile na jina, na marehemu anazikwa kwa jina la binti. Hapo hujaumba mtu mbaya, umeumba mtu aliyebanwa, na msomaji atamfuata hata akianza kufanya mabaya kweli kweli.

Sheria hizo hizo zinakupa presha ya muda. Kwa sheria ya jinai ya 1861, anayeolewa mara ya pili wakati mume wa kwanza yuko hai anaweza kufungwa mpaka miaka 7, ila kama mume kapotea miaka 7 mfululizo na mke hakujua kama yuko hai basi hana kosa la jinai (ndoa ya pili bado ni batili, hiyo usisahau). Kwa hiyo binti yako aolewe na tajiri mmoja mwaka wa tano au wa sita tangu mume apotee. Ukimsubirisha mpaka wa nane umejiharibia hadithi mwenyewe.

Kama hutaki ndoa ya pili tumia urithi. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hakurithi cheo wala ardhi ya ukoo, na England wazazi wakija kuoana baadaye haikumsaidia chochote mpaka sheria ilipobadilishwa 1926. Wilkie Collins, mwandishi wa enzi hizo hizo, alilitumia hili kwenye riwaya yake The Woman in White, iliyotoka kwa vipande vya kila wiki 1859 hadi 1860 (kama hujaisoma ruka mpaka aya inayofuata): yule bwana mwenye cheo, wazazi wake hawakuwahi kufunga ndoa, akapachika ndoa yao ya uongo kwenye daftari la kanisa, lakini nakala ya daftari lile ilikuwa imehifadhiwa mji mwingine na kwenye nakala pale mahali pako wazi. Yaani siri nzima ya mtu iko kwenye nafasi tupu ya karatasi. Naipenda sana hii, kwa sababu inaonyesha namna mafumbo ya enzi ile yanavyofanya kazi, muongo anaharibu karatasi anayoifikia na kuna nyingine hakuifikia.

Ndio maana mwaka unaochagua una uzito. Serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo Julai 1837, kabla ya hapo ni madaftari ya kanisa. Lakini cheti cha daktari kuhusu sababu ya kifo hakikuwa lazima mpaka sheria ya 1874, mwenye nyumba angeweza kwenda kwa msajili akataja jina na likaandikwa. Waya wa telegrafu ulifika Australia 1872, kabla ya hapo habari ilikuja na meli na ilichukua miezi. Polisi wa London walianza kutumia alama za vidole 1901. Ukipiga hesabu utaona kipindi kinono ni 1851 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1870. Kuna hatari moja tu kwa mhusika wako, miaka ya 1860 watu walishikwa na wazimu wa picha ndogo za kadi, kila mtu anapiga na kugawa, kwa hiyo bibi harusi anayekataa kupiga picha tayari ni dalili, iweke mapema na upite kama hujaona.

Ukiogopa kwamba msomaji hataamini, soma kesi ya Tichborne, ile ilitokea kweli. Roger Tichborne, mrithi wa familia tajiri, alipotea na meli iliyotoka Rio de Janeiro 1854. Mama yake hakukubali kwamba amekufa, akaweka matangazo magazetini mpaka Australia, na 1866 muuza nyama wa mji wa Wagga Wagga akasema ni mimi. Roger alikulia Paris anaongea Kifaransa, huyu Kifaransa hakijui, mwili ni mkubwa mara dufu, na mama bado alimtambua kuwa ni mwanawe! Kesi yake ya kudai mali ikaanza kusikilizwa 1871, ikaanguka 1872 baada ya rafiki wa shule kueleza kuwa Roger alikuwa na tatoo mkononi, huyu hana. Mwaka 1874 akahukumiwa miaka 14 kwa kusema uongo mahakamani, ikaaminika kuwa ni Arthur Orton, mtoto wa muuza nyama wa Wapping, London. Na kilichomponza kingine ni kwamba alipofika tu London alienda Wapping kuulizia familia ya Orton. Jifunze hapo: mhusika wako lazima awe na mtu mmoja wa maisha ya zamani ambaye hawezi kumuacha, mtoto, baba mlevi, dada, na njia ya kumnasa ipite kwa huyo huyo.

Mpelelezi asiwe polisi. Wapelelezi wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, walianza 1842, wachache sana, na nyumba kubwa za shamba hazikupenda polisi aulize maswali sebuleni. Mpwa wa yule tajiri aliyesomea uwakili anafaa zaidi, anaingia kila chumba, na kila anachogundua kinamuumiza mjomba wake anayempenda.

Mwisho ndio wengi wanaharibu, wanamfanya mwanamke kichaa wanamfungia. Ni kweli iliwezekana, kulihitajika ombi la ndugu na vyeti vya madaktari wawili, lakini mimi naona ni kumkwepa. Mpe nafasi aseme mwenyewe alichofanya na kwa nini, mbele ya mume wa kwanza aliyerudi, halafu amua.

Kabla hujaandika sehemu ya kwanza chora safu tatu kwenye karatasi: tarehe ya jambo lilivyotokea kweli, tarehe aliyoisema muongo, na siku msomaji anapoambiwa. Safu ya kwanza na ya pili zigongane mahali pamoja tu, na pale ndipo mpwa wako aingie.