LinkedIn kwa mtu wa Mbeya, Iringa, Njombe: jaza hivi upatikane

Kamwene wa Iringa na Njombe, ugonile wa Rungwe na Kyela. Wengi wetu akaunti ya LinkedIn tunayo, tulifunguliwa siku ya semina chuoni, jina likakaa na picha ya harusi basi, tangu hapo hatujarudi, afu tunasema ule mtandao ni wa watu wa Dar. Sasa sikia inavyoenda. Mtu wa HR anayetafuta mfanyakazi anaandika pale kwenye kutafuta jina la kazi na mahali, mfano afisa ugani Njombe, fundi umeme wa viwandani Mafinga, mhasibu Mbeya. Hakuna mtu duniani anaandika "mchapakazi mwenye kujituma". Kwa hiyo kama profaili yako imejaa sifa na haina majina ya kazi hutokei, hata uwe na digrii mbili.

Kabla hujagusa chochote, ukiwa unaedit sehemu ya kazi utaona kiswichi cha kuwataarifu watu wako kuhusu mabadiliko, kizime kwanza, la sivyo kila ukirekebisha kazi ya zamani watu wanakuja kukupongeza kwa kazi mpya ambayo huna. Halafu jina. Tumia lile lililoko kwenye vyeti vyako, achana na "Engineer Boy wa Uyole". Wadada mlioolewa mkabadilisha jina kuna sehemu ya kuweka la zamani, liweke, maana mliosoma nao wanakutafuta kwa lile.

Picha haina mambo mengi. Simama nje kibarazani asubuhi ukungu ukishapungua, shati safi, mtu akupige kwa simu kuanzia kifuani. Usikate picha ya sherehe mpaka bega la shangazi na kitenge chake vinabaki pembeni, tunaona jamani.

Mstari wa chini ya jina ndio wenye kazi kubwa, maana unaonekana kila sehemu, hata ukikomenti tu kwa mtu. Una herufi 220 pale, na usipouandika mwenyewe mtandao unakuwekea cheo na jina la kampuni tu. Watu wanaandika "Mhitimu, natafuta kazi". Haya, kazi gani? Kama ulisoma kilimo na umeshika parachichi andika: Afisa ugani, parachichi za Hass, kubebesha miche, umwagiliaji wa matone, mafunzo kwa wakulima wadogo, Rungwe na Njombe. Wa Tunduma nae aandike nyaraka za mizigo ya transit, mpaka wa Tunduma na Nakonde. Mimi nakuandikia Kiswahili hapa tuelewane, ila kwenye profaili yenyewe majina ya kazi weka Kiingereza, kwa sababu matangazo mengi ya kazi za mashirika na makampuni yanatoka Kiingereza na wanatafuta hivyohivyo.

Sasa tuje kwenye uzoefu, hapa nikae kidogo. Mtu amefanya kazi miaka mitatu anaandika: "Nilihusika na shughuli mbalimbali za ugani." Hiyo sentensi hata aliyekaa ofisini anakunywa chai angeweza kuiandika. Jiulize vitu vinne tu, ulifanya nini kwa mikono yako, wapi, kwa ukubwa gani, na nini kilibadilika. Mfano, namba ni za kutunga weka zako: "Nilihudumia vikundi 6 vya wakulima wa parachichi Rungwe, wakulima kama 140. Nilisimamia kitalu cha miche 8,000, kuanzia kuchagua vikonyo mpaka kubebesha na kugawa. Nilifundisha kupogoa na kupima ukomavu wa tunda kabla ya kuchuma, matunda yaliyokataliwa na mnunuzi yakapungua." Hapo hata asiyejua kilimo anaona mtu alikuwa shambani kweli. Fildi nayo ni uzoefu, iweke, wiki nane za kiwanda cha chai Mufindi ukikagua ubora ni kitu. Duka la baba ulilokuwa unapiga hesabu za stoo Mwanjelwa nalo ni kitu, liandike kawaida bila kulipa cheo cha mkurugenzi. Na usiongeze chumvi kwenye namba, huku kwetu watu wanajuana, mtu wa Mafinga anampigia simu mtu wa Makambako dakika mbili kila kitu kimejulikana.

Wenye usajili wa bodi, wahandisi wa ERB, wahasibu wenye CPA ya NBAA, kuna sehemu yake ya leseni na vyeti, watu wanaisahau wanaizika katikati ya maelezo. Sehemu ya kujielezea fupisha, aya mbili zinatosha japo wanakupa herufi 2,600, sema unafanya nini na unataka kwenda wapi.

Mahali weka unapoishi kweli. Najua kuna ushauri wa kuandika Dar ili uonekane, mimi siukubali, mradi ukija Kilolo au Mbozi wanataka mtu ambaye yuko huku tayari na anajua barabara za masika. Kama uko tayari kuhama sema kwenye maelezo.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni hiki, ukijaza chuo usiandike tu kwa mkono, chagua jina kwenye orodha inayoshuka ukianza kuandika, iwe MUST, Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa, nembo itokee. Ikitokea unaingia kwenye orodha ya waliosoma pale, na wewe ukifungua ukurasa wa chuo kwenye sehemu ya wahitimu unaona nani yuko kampuni gani na mji gani. Hao ndio wa kuwaomba urafiki kwanza. Noti ya maombi iwe fupi, akaunti ya bure inakupa noti chache kwa mwezi, usizimalize kwa "habari, naomba kazi". Andika kama: "Habari kaka, nimemaliza umeme MUST, naona uko kwenye matengenezo kiwandani, ningependa kufuatilia kazi zako."

Ushuhuda wa kazi yako, wao wanauita recommendation, omba kwa aliyekusimamia, na umkumbushe cha kuandika maana amesimamia vijana wengi: "Shikamoo bosi, ni yule kijana wa fildi wa boila, kama utapata nafasi naomba uniandikie maneno mawili kuhusu ile ratiba ya matengenezo tuliyoipanga." Lazima muwe mmeunganishwa kwanza ndio aweze.

Fremu ya kijani kwenye picha, ile ya Open to Work ya kusema unatafuta kazi, inaonekana na kila mtu, pamoja na bosi wako wa sasa. Kama bado uko kazini chagua ile ya kuonekana na waajiri tu, ingawa nayo LinkedIn wenyewe hawakuhakikishii siri asilimia mia. Na kazi za serikali zina njia yake, Ajira Portal, usikae unasubiri inboksi. Akija mtu inboksi na kazi nzuri halafu anataka hela ya fomu kwenye simu, mbloku.

Mwisho kwenye mipangilio zima video zisijicheze zenyewe, zinakula bando, na linki ya profaili yako itoe zile namba za ajabu za mwishoni ibaki jina lako. Afu iandike kwenye CV juu kabisa, karibu na namba ya simu.