Blasti ya mpunga: kupima kinga kitaluni na kuhesabu jeni zake

Mche usio na doa bado haujathibitisha kinga. Huenda kuvu iletayo blasti, ugonjwa wa madoa ya majani, haikuufikia. Hatua hizi ni za kupima F2 (kizazi cha pili) 200 waliotokana na kuchavusha aina sugu na aina inayougua.

1. Tengeneza kitalu sehemu ya juu ya jaruba, pasipotuama maji, kwa kuwa mpunga wa nchi kavu huugua zaidi. Kandokando ya Ziwa Victoria upepo wa mchana hukausha majani upesi, hivyo kikinge kwa mahindi au migomba.

2. Siku 14 kabla, zungushia mistari mitatu ya aina inayougua. Kisha panda F2 mojamoja, sentimita 5 kati ya mbegu, mistari ikiachana sentimita 10. Wazazi wote wawili wawemo, na F1 (kizazi cha kwanza) ukiweza.

3. Weka urea gramu 13 kwa mita ya mraba wakati wa kupanda, na 13 nyingine baada ya wiki mbili. Kwa mkulima hiyo ni nyingi mno. Hapa tunataka majani laini yanayoshambuliwa kirahisi.

4. Miche ikifika wiki mbili, tawanya majani yenye blasti yaliyokatwakatwa. Yachukue wilaya yako, Magu au Misungwi. Usilete kuvu kutoka Mbeya. Nyunyizia maji jioni, funika kwa nailoni usiku kucha, funua asubuhi. Jani likikauka mapema, mbegu za kuvu haziingii.

5. Soma kati ya siku ya 25 na 30 tangu kupanda, kwa kipimo cha 0 hadi 9. Jani lisilo na doa ni 0; vidoa vya kahawia au vya mviringo vya milimita 1 hadi 2 ni 1–3: wote hao ni sugu. Doa lililochongoka ncha mbili, lenye katikati ya kijivu na urefu wa milimita 3 au zaidi, ni 4 kwenda juu: linaugua. Usilichanganye na doa la kahawia lenye umbo la yai, ugonjwa mwingine wa udongo uliochoka. Mzazi anayeugua asipofika 7, tupa matokeo yote. Hakuna hesabu itakayoyaokoa.

6. Jeni moja tawala, ambayo nakala moja tu yatosha kukinga, hutoa sugu watatu kwa mgonjwa mmoja: 150 kwa 50. Mbili zinazojitegemea hutoa 15 kwa 1, yaani wagonjwa 12 au 13. Ukipata 152 kwa 48, kai mraba (kipimo cha tofauti kati ya hesabu uliyopata na uliyotarajia) ni 0.11, chini ya kikomo cha 3.84, jeni moja inakubalika.

Alama zikitapakaa kutoka 2 hadi 8 bila mpasuko, usilazimishe uwiano. Hiyo ni kinga ya sehemu, kama ya jeni iitwayo pi21, inayopunguza ugonjwa bila kuuzima. Wengi huitupa, mimi ningeitunza, maana jeni moja kubwa kuvu huizoea upesi.

7. Vuna kila mmea peke yake, upande miche 15 au zaidi ya kila familia ya F3 (kizazi cha tatu). Kama jeni ni moja, familia sugu tupu, mchanganyiko na gonjwa tupu ziwe 1:2:1. Zilizo sugu zipeleke jarubani hadi masuke: jani safi halihakikishi shingo ya suke iliyo salama.