Pikapu ya kuvuta tela: petroli au dizeli?

Haipiti wiki bila mtu kusimama mlangoni kwangu hapa Tabata, injini haijazimwa: "Fundi, nataka pikapu ya kuvuta tela. Dizeli, si ndiyo?" Namuuliza: unavuta nini, mpaka wapi, mara ngapi kwa mwezi? Wengi hukwama hapo.

Hatua ya 1: Jua uzito. Tanki la maji la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, tela lenyewe bado hujalihesabu. Boti ipime na injini yake, mafuta na nanga. Kisha soma kitabu cha gari. Tela lisilo na breki zake, pikapu nyingi huruhusiwa kilo 750 tu, iwe petroli iwe dizeli. Hapo watu hununa.

Hatua ya 2: Soma torki, na mizunguko yake. Torki ni nguvu ya injini kusokota shafti. Chukua Hilux. Ya petroli, lita 2.7, hutoa takriban Nm 245 (Nm, newtonmita, ndiyo kipimo cha torki), tena mpaka uifikishe mizunguko 4,000 kwa dakika. Dizeli ya 2.8 yenye tabo (feni inayosukumia injini hewa zaidi), ile iliyoanza 2015, gia otomatiki, inakupa Nm 450 kuanzia mizunguko 1,600. Kwa hiyo petroli mlima itapanda, ila itapanda ikilia, inakunywa mafuta, wewe umekaza mguu. Dizeli inapanda huku mnapiga soga.

Ila usidhani kila dizeli iko hivyo. 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2, silinda sita, haina tabo: Nm 285 tu. Inavuta kwa mwendo wa ng'ombe. Mimi naipenda hivyo hivyo, maana ikigoma porini hainidai kompyuta.

Hatua ya 3: Ijaribu na mzigo. Barabara ya mjini kama Sam Nujoma haitakwambia kitu. Funga tela, panda vilima vya Pugu kuelekea Kisarawe, zima AC, jicho kwenye mshale wa joto. Ukipanda, rejeta mbovu hujitaja yenyewe.

Hatua ya 4: Kama ni dizeli ya mkononi, kagua hivi. Nenda asubuhi, shika boneti. Ukikuta ya moto, muuzaji ameshaiwasha kabla hujafika. Dar hatuna baridi ya kusingizia. Dizeli inayohangaika kuwaka hapa ina ugonjwa. Ikiwaka, fungua kifuniko cha oili, kigeuze, kilaze juu ya tundu lake. Kikitulia, endelea. Kikirukaruka kama kifuniko cha sufuria ya maharage, ringi za pistoni zimechoka, na hiyo ni ovahoo, yaani kufungua injini yote.

Uliza pia inajazwa mafuta wapi. Dizeli yangu ya kwanza niliijaza njiani mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa. Nozo zote nne, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini, zikaenda. Tangu siku hiyo filta ya dizeli nabadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Hatua ya 5: Piga hesabu. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi; anzia hapo. Dizeli hula kidogo, ila nozo, pampu na tabo vikifa, akiba ya mwaka mzima inaondoka navyo. Boti ya Msasani kwenda Kunduchi mara mbili kwa mwezi? Chukua petroli ulale usingizi. Mzigo wa kila wiki Chalinze na kupita? Dizeli, bila ubishi.

Hatua ya 6: Fikiria kushuka. Hili husahauliwa. Petroli ukiachia mafuta, koo la hewa (throttle) hufunga na injini inashika gari. Dizeli nyingi za pikapu hazijibani hivyo, kwa hiyo zinashika kidogo. Ukiwa na tela kwenye mlima Kitonga, kule Iringa, ingiza gia ndogo juu kabisa, kabla gari halijaanza kuteremka.