Namna ya Kuzifuatilia Pete za Zohali Ukiwa Kigoma

Anayetaka kuelewa jinsi pete za sayari zinavyozaliwa na kutoweka aanze na ungo kabla ya darubini. Mwenzako ausimamishe ungo hatua ishirini kutoka ulipo, uso wake ukikuelekea, kisha aulaze polepole mpaka ukingo tu ubaki mbele ya macho yako. Duara lote litakuwa limegeuka mstari, na kama ungo ungekuwa mwembamba kama karatasi, hata mstari huo usingeuona. Hivyo ndivyo pete za Zohali zilivyotupotea Machi 2025, na ndivyo zilivyomduwaza mwanaastronomia Galileo mwaka 1612, ambaye miaka miwili kabla alidhani anaona nyota tatu zilizokaribiana. Huku ni kupotea machoni tu. Zohali hulizunguka Jua kwa miaka 29 na nusu, na katika kila mzunguko hutuelekezea ukingo wa pete zake mara mbili, kwa hiyo hali hiyo hujirudia kila baada ya miaka 13 hadi 16. Nalisisitiza hili kwa kuwa wengi walidhani pete zimekwisha.

Kwa kutazama, tafuta darubini inayokuza mara 30 au zaidi, uiweke juu ya kitu kisichotikisika, mbali na mapaa ya bati, kwa maana joto la mchana linalopanda kutoka kwenye bati huitetemesha picha. Miaka hii Zohali huonekana vizuri Oktoba, mvua zikichelewa. Mbalamwezi isikukatishe tamaa: siku hizo wavuvi wa dagaa hupumzika, ziwa huwa halina taa, na Zohali inang'aa vya kutosha. Utaona kiduara cha rangi ya samli chenye vishikio viwili. Kichore kila mwezi, uandike na tarehe. Pete zitazidi kufunguka hadi karibu mwaka 2032.

Unachokichora si bamba moja. Mwanafizikia Maxwell alionyesha kwa hesabu mwaka 1859 kwamba bamba gumu lisingedumu. Pete ni vipande visivyohesabika vya barafu, vingine kama vumbi, vingine vikubwa kama nyumba, kila kimoja kikishika njia yake. Chanzo kimojawapo kinachowezekana kinaelezwa na kanuni ya Mfaransa Roche: mwezi unaoizunguka sayari ukiisogelea kupita kiasi, upande ulioielekea sayari huvutwa kwa nguvu kuliko wa nyuma, na tofauti hiyo ikiushinda mvutano unaoushikamanisha mwezi, unasambaratika. Vipande hugongana, na kila mgongano hupunguza kupanda na kushuka kwao, hadi vinatandazika katika tabaka ambalo sehemu nyingi lina unene wa mita 10 hivi, ingawa upana wake ni makumi ya maelfu ya kilomita.

Tabaka hilo halitulii. Mvutano wa mwezi Mimas umesaidia kufungua pengo lililopewa jina la Cassini, na mwezi Enceladus hurusha barafu inayolisha pete ya nje iliyo hafifu. Wakati huohuo chembe za pete zenye chaji ya umeme hufuata mistari ya sumaku ya Zohali na kuinyeshea sayari hiyo. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2018 yanaonyesha kwamba mvua hiyo, pamoja na barafu nyingine inayoanguka, inaweza kuzimaliza pete kwa chini ya miaka milioni 100.

Kupotea kwa macho kutatokea tena mwaka 2038. Weka michoro yako mahali pakavu, uilinganishe na ya mwaka huo.