Sekunde 50 na Tundu la Kadibodi: Ninavyofundisha Kuchambua Filamu kwa Penseli

Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili filamu aichambue, uone. Sentensi ya kwanza itaanza na "Filamu hii inatufundisha kwamba", ya pili itakuwa na neno dhamira, ya tatu jamii. Simlaumu. Ndivyo tulivyomzoesha kwenye riwaya na tamthiliya, na ndiko kwenye maksi. Ila muulize mhusika alikuwa amesimama wapi, atakutazama kama umemwuliza bei ya ndege.

Mimi nafundisha uchoraji. Klabu ya filamu nilipewa kwa sababu moja tu: nina laptopu. Sheria yangu ya kwanza ni kwamba wiki mbili za mwanzo neno "ujumbe" ni marufuku. Anayeliponyokwa anafuta ubao.

Anza na filamu fupi kupita unavyodhani. Mwaka wa kwanza niliweka ya saa mbili. Umeme ukakatika katikati, betri nayo ikafuata, na mpaka leo wapo wanaonisimamisha kwenye korido kuniuliza yule mama alipona au la. Siku hizi naanza na L'Arroseur arrosé (yaani "Mwagiliaji Amwagiliwa") ya Mfaransa Louis Lumière, mmoja wa waanzilishi wa sinema, ya mwaka 1895. Mtunza bustani anamwagilia. Kijana anakuja kwa nyuma, anaukanyaga mpira wa maji. Maji yanakata. Mzee wa watu anachungulia mdomo wa mpira, kijana anainua mguu. Kinachofuata unakijua. Haina maneno ya kumtisha mtu, na haifiki dakika moja, maana mkanda ulioingia kwenye kamera ya Lumière ulikuwa wa mita 17 hivi tu. Ipakue nyumbani, usitegemee mtandao wa shule.

Ionyeshe mara tatu. Ya kwanza waache wacheke, usiseme kitu. Ya pili gawa macho: safu hii iangalie miguu tu, ile mikono, ile mpira, na wa nyuma waangalie miti na kila kisichotembea. Ya tatu simamisha kila baada ya sekunde 10 hivi, wachore walichokiona ndani ya visanduku vya sentimita 12 kwa 9. Vipimo hivyo sikuvitoa hewani, vinafuata umbo la picha za wakati ule, 4 kwa 3. Penseli tu, bila rula kwenye watu. Vikaragosi vya vijiti vinaruhusiwa, mradi kila kitu kikae mahali pake ndani ya fremu.

Chini ya kila kisanduku wanaandika mistari mitatu: naona nini, kiko upande gani, na kisingeonekana ingekuwaje. Mstari wa tatu ndio wenye mali. Binti mmoja aliacha kila kitu akachora mguu na mpira tu, umejaa kisanduku kizima, kidole gumba kikubwa kama kiazi. (Kijana wa kwenye filamu hakuwa pekupeku, lakini nilinyamaza.) Mstari wake wa tatu ulisema: "Tusingeuona mguu tungedhani maji yamekatika kama kawaida." Darasa lilicheka, nami nikausoma tena polepole. Sisi tunajua asilolijua mzee, na kicheko chote kimekaa kwenye pengo hilo. Vitabu vinatumia kurasa kadhaa kulisema hilo.

Hapo ndipo naleta swali langu ninalolipenda. Kijana anakimbia, mzee anamkamata kule nyuma. Kwa nini asimchape hukohuko? Kwa nini amburute mpaka mbele ndiyo amchape? Uliza, kisha funga mdomo. Utaambiwa ni hasira, utaambiwa anataka kumwaibisha. Vumilia. Mwaka jana jibu lilitoka benchi la mwisho, kwa mtu ambaye huwa hasemi: "Mwalimu, si kwa sababu kamera haiwezi kuwafuata?" Ndiyo hiyo. Kamera imesimama pale pale mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo dunia ndiyo inayoletwa mbele yake.

Sasa watoe nje. Kila kundi likate tundu la sentimita 12 kwa 9 kwenye boksi la sabuni, walishike mbele ya jicho moja na kutafuta tukio la sekunde 50 linaloweza kutokea lote ndani ya tundu hilo. Wasonge mbele, warudi nyuma, wachuchumae. Wakishapata, wachore visanduku vitano kwanza, ndipo nitoe simu.

Simu isishikwe na mtu. Nimejaribu, mhusika akikimbia tu, mkono unamfuata wenyewe. Chukua ndala kuukuu, ichanje mfereji kwa wembe, chomeka simu, weka juu ya matofali mawili. Wakati wa kurekodi hakuna anayeigusa.

Wakatae kuiga bustani. Maji ya kuchezea hatuna, na mhasibu wa shule ana macho. Kundi moja lilikuja na dafu: mmoja anakunywa kwa mrija, mwenzake kwa nyuma anaubana kwa vidole viwili, mnywaji anavuta mpaka mashavu yanaingia ndani, mrija unaachiwa. Wazo zuri kuliko langu lolote. Kosa lilikuwa umbali. Mara ya kwanza waliweka simu mbali, vidole havikuonekana, ikawa filamu ya mtu anayepaliwa tu. Wakarudi kwenye mguu wa yule binti, wakasogeza matofali hatua tatu.

Maksi zangu ni 20: 10 za michoro na mistari yake, 6 za video, 4 za bango la manila, ambalo lichorwe kutokana na kisanduku kimoja tu. Bango lenye vichwa vya wahusika wote vimepangwa kama picha za wagombea linapata 1.

Dafu lilirudiwa mara nne, mnywaji akashiba, na mara ya nne muuza madafu akaingia kwenye fremu kudai hela yake. Nilitaka wakate. Wakanikatalia: amekuja mwenyewe mbele ya kamera, kama yule kijana, tofauti ni kwamba huyu hakuburutwa. Yumo mpaka leo, mkono umenyooshwa.