Namna ya kukisia uchaguzi lau mgombea angekuwa mwingine

Mjadala wa "lau angesimamishwa fulani" haukosi barazani, na mara nyingi huharibika kwa sababu kila mtu huanza na mshindi anayemtaka, kisha hurudi nyuma kumtafutia sababu. Anayetaka kukisia kwa haki aanze na daftari na hesabu zilizokwisha kutangazwa. Mfano wangu ni uchaguzi wa urais wa Zanzibar wa tarehe 31 Oktoba 2010: ingekuwaje lau chama tawala, CCM, kingemsimamisha Dk. Mohamed Gharib Bilal badala ya Dk. Ali Mohamed Shein?

Andika kwanza pengo lenyewe. Dk. Shein alipata kura 179,809 na Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani cha CUF kura 176,338, yaani tofauti ya kura 3,471. Mpiga kura anayehama upande hupunguza huku na kuongeza kule, kwa hiyo watu 1,736 tu wangetosha kuyageuza matokeo. Anayebaki nyumbani hupunguza upande mmoja, na wa namna hiyo wangehitajika zaidi ya 3,471. Wahamaji na wakaaji nyumbani waandikwe katika safu mbili mbalimbali, maana ukiwachanganya hesabu yote imekwisha.

Kisha badilisha jambo moja tu, lakini ulifuate mpaka linapoishia, na hapa ndipo wengi wanapochoka mapema. Ukimweka Dk. Bilal kwenye karatasi ya kura ya Zanzibar, umemwondoa kwenye nafasi ya mgombea mwenza wa Jakaya Kikwete katika urais wa Muungano, nafasi ambayo sasa inataka mtu, na Dk. Shein, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Muungano tangu 2001, naye umtafutie pahala. Usiyaguse, hata hivyo, yale yasiyomtegemea mgombea: maridhiano ya Rais Amani Karume wa Zanzibar na Maalim Seif ya Novemba 2009 yalikwisha kufanyika kabla ya uteuzi, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliyofungua mlango wa serikali ya umoja wa kitaifa ilikuwa njiani tayari.

Hoja inayotajwa sana ni asili, kwa kuwa Dk. Shein ni mzaliwa wa Pemba. Mimi niliidharau, nikasema majimbo yote 18 ya Pemba yalikwenda CUF vilevile. Mzee mmoja wa Wete akaweka kikombe chake chini, akanitazama. "Mwanangu," akasema, "jimbo ni jimbo, kura ni kura." Alinishinda. Mgombea anaweza asipate hata kiti kimoja kisiwani na bado akaokota kura mia katika kila jimbo, na mia mara 18 ni 1,800, zaidi ya wale 1,736. Kwa hiyo linganisha kura za urais za CCM za 2005 na 2010, jimbo kwa jimbo, Pemba kwanza na Unguja baadaye: palipoongezeka visiwa vyote viwili huenda ni athari ya maridhiano, na ziada ya Pemba peke yake ndiyo unayoweza, kwa tahadhari, kumhesabia mgombea.

Jibu liandikwe kwa masafa, kuanzia kura chache mpaka nyingi, si kwa tarakimu moja. Masafa hayo yakiikumba 1,736 katikati, andika kwamba haijulikani, halafu mpe daftari mtu wa chama kingine akuoneshe mstari ulioupendelea upande wako.